Shajara ya mradi: Uncharted 4 kwa Kiswahili kwenye banda la gemu, Tanga

Hizi ni kumbukumbu za kazi niliyoianza mwaka 2024 na watoto wa mtaani kwetu. Naandika kila hatua inapokwisha, ili mwenye banda mahali pengine akitaka kuiga asipite kwenye mashimo niliyopita mimi. Gharama zote ni shilingi za Tanzania. Hadithi ya gemu imeelezwa humu mpaka mwisho, kwa hiyo anayetaka kuigundua mwenyewe acheze kwanza, kisha arudi.

Jumamosi, 13 Januari 2024: Chanzo

Wiki iliyopita nilipeleka bandani diski yangu ya Uncharted 4: A Thief's End. Niliinunua mtumba, 40,000. Pale bandani kwa kawaida ni mpira tu, nusu saa nusu saa, aliyefungwa anampisha mwenzake. Kijana mmoja wa darasa la sita akashika pedi, akaicheza ile sehemu ya mwanzo ya boti na dhoruba kwa raha zake. Tulipofika mahali watu wanazungumza, akaanza kuruka. Kila mazungumzo, kitufe. "Hawa wanaongea tu," akaniambia. Sura ya 4, ambayo yote ni mtu na mkewe wako nyumbani kwao usiku, aliimaliza akizunguka vyumbani kutafuta mlango wa kutokea. Kisha akanirudishia pedi.

Sikumlaumu. Kiingereza kile ni cha haraka, cha watu wanaotaniana na kukatana maneno, na maandishi ya chini yanapita kabla mtoto hajamaliza mstari. Lakini iliniuma. Nimeimaliza gemu hii mara mbili, na najua kwamba alichokuwa anakiruka ndicho kilichonifanya nirudi mara ya pili. Risasi na kukwea miamba vipo kwenye gemu nyingi. Namna hawa watu wanavyozungumza, sijaipata kwingine.

Kwa asiyeijua: imetengenezwa na Naughty Dog ya Marekani kwa ajili ya mashine ya PS4, ikatoka tarehe 10 Mei 2016, waongozaji Neil Druckmann na Bruce Straley. Ina sura 22, utangulizi na hitimisho. Nathan Drake ameacha kazi ya kutafuta dafina, ameoa, ametulia. Anatokea kaka yake Sam, aliyeaminika kufa miaka 15 nyuma, na maneno kwamba maisha yake yanategemea kupatikana kwa mali ya haramia Henry Avery. Nathan anamdanganya mkewe Elena kuwa anakwenda kikazi, anaondoka.

Lengo langu ni kwamba mtoto asiyejua Kiingereza aifuate hadithi yote kwa Kiswahili, na njiani niandike kwa uwazi gemu hii ina nguvu wapi na inalegea wapi.

Jumapili, 21 Januari: Sauti ya kurekodi imefeli

Tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua muvi ya kutafsiriwa. DJ anakaa juu ya sauti ya filamu, anawapa wahusika maneno, anaeleza, anachombeza, na mtu asiyejua neno moja la Kichina anatoka na kisa kizima. Nikasema nami nifanye vivyo hivyo.

Mwenye banda aliniruhusu kubaki usiku akishafunga. Nikacheza huku narekodi kwa kitufe cha Share, nikahamishia video kwenye flashi (GB 64, 22,000), nikaandika tafsiri, nikarekodi sauti yangu kwa simu na maikrofoni ya kubana shatini (15,000). Ilikuwa tuicheze sauti hiyo kwenye spika pembeni ya TV.

Usiku wa kwanza wote ulipotea. PS4 isipobadilishwa mpangilio inahifadhi dakika 15 za mwisho tu. Mimi nimecheza saa mbili, nikabaki na kipande cha mkia. Ingia kwenye mipangilio ya Share, weka dakika 60, na uhifadhi kabla hazijatimia. Flashi nayo haikutambuliwa. Ilikuwa imefomatiwa kwa mfumo wa NTFS, ambao PS4 haiusomi. Nikaifomati upya kwa exFAT, ikakubali.

Hayo yalitengenezeka. Lililoua wazo lenyewe ni jambo ambalo ningelijua kama ningekaa chini dakika tano kulifikiria: filamu haimsubiri mtu, gemu inamsubiri. Kwenye boti la utangulizi sauti yangu ilikwenda sawa kwa sababu dhoruba yenyewe inakusukuma. Sura ya 1, Nathan akiwa mtoto anamfuata Sam juu ya mapaa usiku, mchezaji wetu akaanguka mara tatu kwenye ukingo uleule. Sauti yangu ilikuwa imeshafika mbele, Sam anampongeza mdogo wake kwa kuvuka, na mdogo wake bado yuko chini. Watoto wakachanganyikiwa kuliko walivyokuwa na Kiingereza.

Nimeifuta ile sauti. Maikrofoni haijatumika tena.

Jumapili, 4 Februari: Kutafsiri papo hapo

Nikakaa pembeni ya mchezaji nikawa natafsiri kwa mdomo. Jumapili tatu asubuhi, saa mbili mbili, mwenye banda akitoza 2,000 kwa kila asubuhi badala ya bei yake ya kawaida. Tumefika sura ya 5. Watoto walikuwa tisa.

Faida ilionekana siku ya kwanza. Kiswahili kina maneno ya undugu ambayo Kiingereza cha gemu hii hakiyatumii sana, na yanaibeba hadithi. Sam akimwita Nathan "mdogo wangu" na Nathan akimwita "kaka", hakuna aliyeuliza nani mkubwa, nani anamsikiliza nani. Mzee Sully, aliyemlea Nathan kikazi, kwa Kiingereza anaitwa jina tupu. Watoto walikataa kabisa. Ikawa Mzee Sully, na siku mmoja wao aliposoma sehemu ya Nathan alianza na "Shikamoo mzee" ambayo haimo popote kwenye gemu. Nimeiacha, mara moja, Italia, pale wanapopanga kazi pamoja. Na Elena kwa Sam ni shemeji. Neno hilo moja lilifanya kazi kubwa kuliko maelezo yangu yote: shemeji ambaye hajui kama wewe upo, na wewe unamchukua mumewe.

Kosa langu la hatua hii lilitokea sura ya 4, ileile iliyomshinda kijana wetu. Nathan yuko darini kati ya vitu vya safari zake za zamani, analenga shabaha kwa bastola ya kuchezea. Anashuka. Elena yuko kwenye kochi na chakula na kompyuta, anaeleza kazi yake. Nathan anaitikia, lakini macho yamekwenda kwenye picha ukutani, na sauti ya Elena inafifia mpaka huisikii. Halafu Elena anamtazama. Anajua kuwa hakusikilizwa. Hasemi kitu kwa muda.

Mimi nilisema. DJ amezoea kujaza kimya, nami nikakijaza: "Sasa mke ameshtukia kwamba bwana hayupo naye." Sentensi sahihi, na imeharibu kila kitu. Nyuso zile zimechezwa na waigizaji wa kweli, Nolan North na Emily Rose, miili yao imenaswa kwa kamera, na kwa sekunde zile chache gemu inakuamini uone mwenyewe. Watoto walikuwa wananitazama mimi badala ya kumtazama Elena.

Tukairudia. Nikanyamaza. Msichana mmoja akasema taratibu, "Amekasirika." Mwenzake akajibu, "Hajakasirika, amehuzunika." Wakabishana mpaka Elena na mumewe wakawekeana dau: Nathan acheze Crash Bandicoot ya zamani, akishindwa kuzifikia alama za Elena aoshe vyombo. Kijana wa darasa la sita akaomba pedi acheze yeye hiyo gemu iliyo ndani ya gemu.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mradi: kimya hakitafsiriwi.

Nguvu kubwa ya gemu hii kwangu ni sura ile. Hakuna adui, hakuna dafina, hakuna kitu cha kushinda, na baada yake kila uongo wa Nathan una uzito kwa sababu umekaa sebuleni kwake. Udhaifu wa hatua hii ni wangu: saa mbili za kusema zinakausha koo, na mahali watu wanapoongea huku wanatembea nilikuwa nafukuzana na maneno.

Jumamosi, 17 Februari: Diski na sevu

Diski iliachwa wazi juu ya meza, ikaanguka kwenye sakafu yenye mchanga, ikakanyagwa. Mashine ikakataa kuisoma. Gemu ya PS4 inakuwa imeshanakiliwa kwenye hifadhi ya ndani ya mashine, lakini bila diski yenyewe kusomeka haifunguki.

Nilishauriwa dawa ya meno. Msijaribu. Ilisaidia CD za zamani. Diski hizi ni za Blu-ray, data yake iko milimita 0.1 tu kutoka usoni, mkwaruzo wa maana unaifikia. Nilisugua nusu saa bure.

Nikanunua nyingine, 45,000, iliyotoka Dubai. Nikaiweka, gemu ikaanza upya kama hatujawahi kuigusa. Sevu zote (rekodi za tulipofikia) zipo kwenye mashine, lakini hazionekani. Sababu ni namba: kila toleo la eneo lina namba yake inayoanza na CUSA, imeandikwa kwenye diski na ubavuni mwa kasha, na PS4 inafunga sevu kwa namba hiyo. Diski ya Ulaya na diski ya Uarabuni kwake ni gemu mbili tofauti. Ukipoteza diski, tafuta yenye namba ileile, au ujue unaanza upya.

Nilitumia usiku nne kuimaliza yote kwa ngazi nyepesi kabisa, nikiruka kila mazungumzo. Ilinilazimu, na kwa kweli imetufaa: ukishaimaliza, unachagua sura yoyote na hata pambano lolote ndani ya sura. Sasa Jumapili haianzi tena na "tuliishia wapi?" Ningeanza upya leo, ningefanya hivi kabla ya kumwita mtoto hata mmoja.

Diski ile ya Dubai ina sauti za Kiarabu. Mama yake mwenye banda, ambaye amekaa Maskati miaka mingi, alikuja kuleta chai tukamwekea sura ya 4 kwa Kiarabu. Alisimama na birika mkononi. Nathan alipoanza kujikanyaga kwenye majibu yake, mama akacheka, akasema kwa Kiswahili, "Huyu mwanamume muongo, mwanangu." Akakaa mpaka mwisho wa sura. Hakuna aliyemtafsiria neno.

Nimekuwa nikiwaza hilo juma zima. Kuna mtu Uarabuni alifikiriwa, akapewa gemu kwa lugha yake, nayo ikamshika palepale. Sisi wa Kiswahili tuko mamilioni mengi na tunapewa kitufe cha kuruka.

Jumapili, 3 Machi: Daftari

Hii ndiyo njia iliyosimama. Nimeandika mazungumzo kwenye daftari, si kwa dakika bali kwa mahali: "Mlangoni pa makaburi", "Baada ya kuteleza kwenye changarawe", "Wakifika kwenye msalaba". Kila mhusika ana msomaji wake. Mchezaji anashika pedi, wasomaji wawili au watatu wanakaa ubavuni, mchezaji akifika mahali wanasoma. Akianguka mara tatu, wanamsubiri mara tatu. Kuprinti rasimu ya sura 1 hadi 9, kurasa 46 kwa 200 kila moja, 9,200.

Sauti ya gemu tunaishusha lakini hatuizimi, ili kicheko na pumzi za waigizaji zibaki.

Sura ya 6 na ya 7 ni Italia, mnada wa kifahari, kupenya bila kuonekana. Ya 8 na ya 9 ni Uskochi, theluji na magofu ya kanisa. Kwa macho hakuna la kulalamikia. Nathan akitembea kwenye theluji inamshika miguuni, akitambaa kwenye tope anatoka na tope.

Lakini hapa gemu inachosha, na niseme wazi kwa sababu tulipoteza watu. Kutoka tisa tulibaki wanne. Wengine walirudi kwenye mpira. Kuna kukwea kwingi mno kusiko na hatari: ukingo umepakwa rangi ya kuonekana, unasukuma mshale, unabonyeza, Nathan anashika. Huwezi kukosea hata ukitaka. Na kuna sanduku lenye magurudumu. Kila mnapokutana na ukuta mrefu, mahali fulani pana sanduku: litafute, lisukume, lipande, mvute mwenzako. Mara ya kwanza ni fumbo. Mara ya tano ni kibarua. Watoto wakaliita mkokoteni, na likionekana wote kwa pamoja, "Mkokoteni!"

Angalieni lini lilikera zaidi: pale Nathan na Sam wanapolisukuma wakiwa kimya. Kipande ambacho walikuwa wanakumbushana ya zamani, hakuna aliyelalamika, ingawa mikono ilikuwa inafanya kazi ileile. Nimeongeza alama kwenye daftari kwa sehemu zisizo na maneno marefu, mwenye kucheza aharakishe.

Stiki ya kushoto ya pedi imeanza kwenda yenyewe. Kubadilisha, 8,000.

Ijumaa, 12 Aprili: Bukini

Tulisimama Ramadhani nzima. Juzi ilikuwa Idi, leo banda limejaa, wamerudi saba.

Sura ya 10 inahamia Madagaska, Bukini ya wazee wetu wa mwambao. Kwa mara ya kwanza gemu inakupa gari na bonde zima: udongo mwekundu, matope, minara ya zamani juu ya vilima, na winchi mbele ya gari. Gari likishindwa kupanda tope unashuka, unavuta waya kwa mkono, unauzungusha kwenye mti, unarudi kuendesha. Kila mtoto hapa ameona lori limekwama masika. Walijua la kufanya kabla sijasema, na mmoja akamwelekeza mchezaji ashike gogo la kulia, la kushoto lingeng'oka.

Ndani ya gari wako watatu, Nathan, Sam na Mzee Sully, wanaongea njia nzima. Hapa ndipo gemu ilipotushangaza wote. Ukishuka katikati ya sentensi kwenda kuchungulia gofu, ukirudi wanaanza pale walipoishia, kwa maneno ya kurudia mada kama watu wafanyavyo. Kumbe walioitengeneza walilijua tatizo lililoniulia sauti yangu ya Januari, wakalitatua. Tukaiga: kila mazungumzo marefu sasa yana mstari wa kurudia, "Enhee, nilikuwa nasema…", na msomaji anautumia mchezaji akirudi garini. Ni mabadiliko madogo kuliko yote kwenye daftari na ndiyo yaliyolifanya lisikike kama watu wanaongea.

Sura ya 11, mji wa bandari uitwao King's Bay (wa kutungwa), sokoni, mnara wa saa, kisha kufukuzana na gari la kivita kuteremka mpaka baharini. Banda zima lilisimama. Mwenye banda alizima TV ya mpira aje kutazama. Sidhani kama kuna dakika kumi bora kuliko hizo kwenye gemu yoyote ya namna hii niliyocheza: unaendesha, unavunja uzio, unaning'inia kwa kamba nyuma ya gari linalokuburuza kwenye tope, na hakuna mahali inapokunyang'anya pedi kwa muda mrefu.

Lakini udhaifu mkubwa wa gemu hii uko hapohapo, na aliyeuona ni msichana yule wa "amehuzunika". Tulipita sokoni, wauzaji, matunda, watu wengi, akaniuliza, "Hawa wa hapa mbona hawana sehemu ya kusoma?" Nikatafuta kwenye daftari. Kweli. Nathan, Sam, Sully, Elena, tajiri Rafe anayeitafuta mali hiyohiyo, Nadine Ross wa Afrika Kusini na jeshi lake la kukodi la Shoreline. Hadithi imekwenda Madagaska na kukaa humo zaidi ya nusu ya gemu, na hakuna Mmalagasi hata mmoja mwenye nafasi kwenye kisa. Kisiwa kizima ni pazia la nyuma. Watu wake wanauza, wanakimbia gari likija.

Ikafuata ya pili, ngumu zaidi. Mali ya Avery ni ya nani? Gemu inaitaja kama wizi mkubwa wa kihistoria kisha inaendelea na safari. Nikawaeleza ninachokijua. Mwaka 1695 Avery na wenzake waliiteka Ganj-i-Sawai, merikebu ya mfalme Aurangzeb wa dola ya Mughal, ikirudi Surat, India, kutoka Bahari ya Shamu. Ndani walikuwamo mahujaji. Waliteswa siku kadhaa, wanawake wakadhalilishwa. Siku ya pili baada ya Idi, kwenye banda ambalo nusu ya watoto wana babu au bibi aliyehiji, jambo hilo halikupita kama hadithi ya haramia. "Kwa hiyo Nathan anatafuta mali ya mahujaji," akasema mmoja.

Naipenda gemu hii na sitaitetea hapo. Ilikuwa na nafasi, mstari mmoja tu wa mazungumzo ungetosha, na watu hawa wanaongea kutwa.

Nimeongeza ukurasa mmoja wa historia kwenye daftari, mwanzo wa sura ya 10. Umo kwamba Libertalia, mji wa maharamia, ni ngano iliyochapwa London mwaka 1728, na kwamba maharamia wa kweli walikaa kisiwa cha Sainte-Marie, pwani ya mashariki ya Madagaska, ambako Adam Baldridge aliendesha kituo cha biashara miaka ya 1690. Umo pia kwamba Thomas Tew, ambaye kwenye gemu anaishi mpaka Libertalia na kufa akipigana kwa panga na Avery, kwa kweli aliuawa mwaka ule ule wa 1695.

Jumapili, 5 Mei: Neno "anadai"

Sura ya 12 hadi ya 17. Bahari, visiwa, Libertalia yenyewe.

Mapigano yamekuwa mengi, na ni mazuri kuliko ya gemu tatu zilizotangulia: nyasi ndefu za kujificha, kamba ya kurukia juu ya adui, nafasi pana ya kuzunguka. Ngazi ngumu ilitushinda, tukashusha. Kuna pia msaada wa kulenga wenyewe, na unaweza kushikilia kitufe badala ya kukigonga haraka haraka. Kijana wetu mmoja mwenye mkono dhaifu amecheza sura ya 13 nzima kwa mipangilio hiyo bila kumwomba mtu, na kwa hilo nawashukuru waliotengeneza.

Kuna kombe linalotolewa ukishaua maadui 1,000, na jina lake la Kiingereza ni lile neno la wahakiki kuhusu hadithi na uchezaji kukinzana. Yaani wameona wenyewe: mume mwema wa sura ya 4 anaua watu wengi kuliko kipindupindu na usiku analala. Kuliona si kulitatua. Tulipokuwa tunasoma, pengo lilisikika zaidi, kwa sababu dakika moja msomaji wa Nathan anasema maneno ya upole na inayofuata anakaa kimya robo saa watu wakianguka.

Sasa kosa langu. Mwisho wa sura ya 15 Rafe anafichua kwamba Sam hakutoroka jela na Hector Alcázar, mkuu wa genge la dawa za kulevya. Rafe ndiye aliyemtoa, miaka miwili nyuma. Deni la Sam kwa Alcázar ni uongo. Maana yake sura ya 5, ile ya kutoroka jela tuliyoicheza kwa vidole vyetu, risasi, ukuta kulipuliwa, haikuwahi kutokea. Gemu ilitukabidhi uongo wa Sam tuucheze, nasi tukauamini kama Nathan alivyouamini. Filamu ingeweza kutuonyesha uongo. Hapa tumeutenda.

Nilisubiri mshtuko. Nusu ya banda ilipiga kelele. Yule msichana akatulia. "Mimi nilijua," akasema, akafungua daftari sura ya 5, akaniwekea kidole. Nilikuwa nimeandika: "Sam anadai kwamba Alcázar alimtoa."

Anadai. Mimi najua mwisho, na mkono wangu ukausema bila mimi kutaka. Mtoto wa miaka kumi na tatu akausikia neno hilo miezi miwili kabla. Nimebadilisha kuwa "anasimulia", nikapitia daftari lote kutafuta mahali pengine nilipojua zaidi ya mhusika. Nimepata manne, yote kwenye maneno ya Sam. Anayetafsiri hadithi yenye siri aandike kila sura kama vile hajaifika inayofuata.

Jumapili, 26 Mei: Sura ya mwisho

Tumemaliza leo saa sita mchana. Sura ya 18 hadi ya 22, na hitimisho.

Mafumbo ya humu ni mazuri, na watoto walichora alama zake kwenye vumbi la sakafu. Sura ya 19 ina maiti zilizokaushwa zinazolipuka ukikaribia. Zinatisha mara mbili, baada ya hapo ni kero. Pambano la mwisho kwa panga ndani ya merikebu inayoungua limetuangusha. Sura 21 gemu imekufundisha kujificha, kukwea, kulenga, halafu mwisho inataka ubonyeze kitufe sahihi kwa wakati sahihi, kitu ambacho hukukitumia kabla. Mchezaji wetu alikufa mara tisa na wasomaji wakakaa tu.

Hitimisho hakuna risasi hata moja. Miaka imepita, unamchezea Cassie, binti wa Nathan na Elena, nyumbani ufukweni, na gemu ya kwanza anayoicheza ni ileile Crash Bandicoot. Hakuna aliyeniomba nieleze. Msomaji wa Elena alisoma mistari yake polepole kuliko nilivyoandika, akaacha kimya mahali ambapo sikuweka alama.

Gharama yote: diski mbili 85,000, flashi 22,000, maikrofoni 15,000, stiki 8,000, banda asubuhi 14 kwa 2,000 ni 28,000, rasimu 9,200. Daftari kamili lina kurasa 61: nakala moja ya kuprinti 12,200, mbili za kutoa kopi kwa 100 ni 12,200, na kuzitia waya 6,000. Jumla 197,600. Atakayeiga bila makosa yangu ya diski na maikrofoni anaweza kuanza na chini ya 140,000.

Hazina zilizofichwa ndani ya gemu tumeokota 71 kati ya 109. Watoto wanasema Juni wanazimaliza.

Nakala moja iko bandani, moja kwa msichana aliyenikamata, moja kwangu kwa masahihisho. Ukurasa wa 38 bado una kosa: pale Sam anapozungumza na Elena ana kwa ana baada ya uongo kufichuka, nimeandika "Elena" mara mbili mahali panapotaka "shemeji". Nitaupiga chapa upya kabla ya Jumapili. Kijana wa darasa la sita ameshajiandikisha kumsoma Sam.